Fulana ya Kijani

Verlin Stucker alijitoa kwenye chama cha wafanyakazi mwezi Machi, na hadi Oktoba bado alikuwa anakatwa ada.

Dola hamsini na nne kila mwezi. Kaunti ilizikata kwenye mshahara kabla hajauona, ikazipeleka chamani. Alikuwa ameendesha gari la kusukuma theluji miaka ishirini na mbili. Majira ya baridi yaliyopita aligonga sanduku la barua la mkubwa mmoja wa kaunti, akasimamishwa siku tatu bila malipo, na chama hakikufungua mdomo. Ndipo akaandika barua ya kujitoa.

Siku alizihesabu vizuri. Mtu aliruhusiwa kutoka ndani ya siku kumi na tano tu kwa mwaka, zile za kabla ya tarehe aliyosaini kadi ya uanachama. Yeye alisaini Machi, alipoajiriwa.

Kila makato yalipotokea alimuuliza Caz Wojtas, mwakilishi wa chama pale karakana, ambaye pia aliwinda naye kulungu kila Novemba.

"Wanashughulikia, mzee. Tulia," Caz alimjibu Mei, Juni na Julai.

Jibu la chama lilifika Septemba: kadi yake ni ya Agosti, na Agosti imepita. Asubiri mwakani.

Alimkuta Caz chini ya gari namba saba, lile analoendesha Verlin, akilitengeneza.

"Agosti ipi, Caz? Kadi nilisaini Machi, na wewe ulikuwepo."

"Ulisaini kadi nyingine. Pikiniki ya chama, Agosti mwaka juzi."

"Ile? Si ulisema saini hapa upate saizi yako ya fulana!"

"Ulipewa fulana au hukupewa?"

"Na ulijua kuwa ni Agosti? Miezi yote ile unaniambia nitulie?"

Caz akaomba spana. Verlin hakumpa.

Nyumbani mkewe, Lorene, aliicheka ile fulana ya kijani. "Umeuza sahihi yako kwa kitambaa, bwana wewe, tena kinakubana tumbo."

Verlin hakucheka. Alikwenda kwa shirika moja lenye mawakili wa bure, wakafungua kesi. Wao walitaka sheria ibadilike. Verlin alitaka kitu kimoja: Caz asimame, aape, aulizwe kama alijua.

Mahakama ilipanga Januari. Wiki moja kabla, chama kikaacha kumkata, kikamtumia hundi: ada yote ya miezi tisa pamoja na riba.

"Usiipeleke benki, wasije wakasema umeridhika," wakili alimwambia, "ingawa sidhani kama itasaidia."

Haikusaidia. Hakimu alisoma karatasi dakika sita. Makato yamekoma na fedha zimerudishwa, alisema, kwa hiyo hakuna ugomvi wa kuamua. Kesi ikafutwa. Caz, aliyevaa tai ya kuazima, hakuitwa hata jina.

Walikutana mbele ya lifti.

"Si umepata hela zako, mzee?"

"Ungesema nini kule ndani?"

Caz akabonyeza kitufe cha kushukia, akakibonyeza tena. "Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Mlango ukafunguka, Caz akaingia. Verlin alishuka kwa ngazi.

Siku hizi theluji ikianguka, Caz humwita redioni kutoka karakana kwa namba ya gari. "Namba saba, barabara ya daraja." Zamani alikuwa anamwita kwa matusi ya utani.

Hundi ilikuwa ya dola 497. Kwa ajili ya mawakili na mahakama Verlin alikosa siku tano za kazi, dola 190 kila siku: 950. Novemba ile, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili, hakwenda kuwinda. Kibanda cha kuwindia yeye na Caz walikinunua pamoja, kila mmoja alitoa dola elfu tatu, na nusu yake hajaidai. Ufunguo wa kibanda aliuviringisha ndani ya ile fulana ya kijani, akauacha kwenye kabati la Caz.