Coup Mbili za Melchior

Melchior Syauswa wa Vulamba aliuza maharagi, lakini ukimwita muuza maharagi hakuitikii hata salamu. Yeye ni mtunzi wa mafumbo ya échecs, ule mchezo wa sataranji, bwana! Anapanga mfalme na askari wake juu ya ubao, kisha anakuambia: tafuta njia ya kumuua. Na njia iko moja tu. Fumbo lenye njia mbili, kwake, ni chungu kilichotoboka.

Mwaka ule wakubwa wa waasi waliotawala eneo lile walikuwa wanapinduana wao kwa wao. Melchior akapanda lori kwenda Beni, kumpelekea rafiki yake Yassini fumbo jipya. Yassini alikwisha kuyafumbua yote yaliyotangulia.

"Hii itamushinda," Melchior akamwambia Mama Kanyere, aliyeketi karibu naye juu ya lori, lori limesimama ku barrière, kizuizi cha waasi barabarani. "Ba-blancs banaanza. Coup mbili tu, mufalme amekufa!"

Ole wake! Kwa mchezaji, coup ni hatua moja ya mchezo. Kwa askari aliyekuwa chini anapekua mizigo, coup ni kupindua wakubwa. Na ba-blancs, vile vipande vyeupe vya mchezo, kwake ni wazungu: tena na wazungu wamo!

Akakokotwa kwa kola mpaka mbele ya commandant Ézéchias, mkuu wa barrière ile. Wenye kushukiwa neno kama lile walipelekwa cachot, yaani kifungoni, na wengi hawakurudi.

"Coup mbili? Wewe na nani?"

"Ni jeu, mchezo tu, chef. Keti nikuonyeshe."

Wala hakutetemeka, mtu huyu! Akafungua ubao wake, akapanga. Commandant akatazama, akatazama, kisha akanyanyua reine, yaani malkia, na kuibamiza kwa mbali, mstari mmoja na mfalme mweusi.

"Nimemumaliza mu coup moja! Fumbo yako njo bongo, uongo mutupu, na wewe njo muongo."

Askari wakapiga makofi. Mama Kanyere akamkonyeza kutoka juu ya lori: kubali, baba, mwache ashinde, twende zetu. Melchior akamkumbuka mke wake Godelive kule nyumbani. Lakini kusema fumbo lake limetoboka? Potelea mbali!

"Hapana, chef." Akasogeza pion nyeusi, kile kipande kidogo cha mbele, hatua moja, akaiweka katikati ya reine na mfalme. "Njia imezibwa. Tafuta ingine."

Shingo ya commandant ikavimba. Halafu akacheka mpaka akashika mkanda.

"Mutu wa complot, wa njama, angeniacha nishinde," akawaambia askari wake. "Huyu iko mukaidi tu. Mumuachilie."

Melchior alipotaka kukusanya ubao, commandant akauzuia kwa mkono.

"Hii inabaki. Coup ya kwanza njo gani?"

"Tafuta, chef. Nitarudi siku ya soko. Nikikuta imekushinda, nitakuonyesha."

Huko Beni alimpangia Yassini fumbo lile kwa kokwa za kakao na vizibo vya chupa. Siku ya soko akarudi. Ku barrière malori yalikuwa yanapita tu, hakuna wa kupekua: askari wote wameinamia ubao. Commandant akamwona, akainua mkono haraka.

"Nyamaza, papa! Usiniambie!"