Kituo Ambacho Bado ni Jumanne

Ijumaa, mvua ikinyesha, mama wa fundi redio alikung'uta matope kwenye kandambili zake mlangoni mwa kituo cha polisi, akaingia ndani, ambako ilikuwa Jumanne na jua linawaka. Mvi zake zikawa nyeusi. Goti la kushoto likaacha kuuma. Akaweka bakuli la chakula kaunta na kuandika jina lake kwenye daftari la wageni, mstari wa kwanza, kama kila wiki.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Mshale wa sekunde ulizunguka vizuri, hauna ubovu. Mshale wa dakika ndio uliokaa, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Kaunta alikuwepo afande ambaye wenzake walimwita Kanuni, maana kila akitaka kukunyima kitu alikutajia kanuni yake.

"Shikamoo mama. Umekuja kumwona kijana?"

"Marahaba. Nimekuja kumchukua."

"Mapema mno. Hajamaliza hata saa mbili."

Nje ilikuwa imepita miaka saba.

Fundi alikamatwa Jumanne hiyo saa mbili na nusu asubuhi, kwa kushukiwa ugaidi, akiwa na mfuko wenye nyaya, betri nne na saa ya mezani ya jirani. Waliomfuata nyumbani walimwambia mama yake, "Ni maelezo tu, dakika tano." Naye akakubali, tena akamhimiza mwanawe abadili shati. Hilo ndilo kosa la kina mama wote: wanadhani askari akimwona mtoto ana shati safi, atamwona ni mtu.

Mkuu wa kituo hakutaka kuvunja sheria. Alikuwa amehudhuria semina mbili za sheria za kimataifa, na picha ya semina ya pili, yeye wa tatu kutoka kulia, ilitundikwa juu ya kiti chake. Alijua kwamba mtuhumiwa, hata wa ugaidi, hapigwi, hafichwi, na kabla ya saa ishirini na nne kwisha hufikishwa kwa hakimu. Ushahidi wa kumpelekea hakimu hakuwa nao. Basi saa ishirini na nne hazikwisha. Kituo kizima kikabaki Jumanne, na kila askari aliyeingia zamu aliacha siku yake getini pamoja na mwavuli.

Fundi akaletwa. Mdomo wake ulipasuka na damu ilikuwa mbichi, kwa sababu alipigwa saa tatu na nusu, na kidonda cha dakika hamsini hakiponi.

"Mama, mbona umehangaika? Natoka sasa hivi. Mchana nakula nyumbani."

"Sawa, baba," mama akasema.

Mwanzoni alikuwa akimweleza ukweli. Fundi alilia sana, na wiki iliyofuata akawa hajui lolote, ikabidi aambiwe upya, alie upya. Mama akaacha.

"Na wewe mama usinune," Kanuni akamwambia mama, fundi alipokwisha kurudishwa ndani. "Humu unapata ujana bure. Wenzako huko wanapaka nywele dawa."

"Nipe mwanangu. Ujana huo mpelekee mama yako."

Mke wa fundi alikuwa na mimba ya miezi saba Jumanne ile. Sasa mtoto yuko darasa la kwanza. Kila mtoto alipoletwa kituoni, mkono wake ulipotea mkononi mwa mama yake pale mlangoni, na tumbo la mama yake likavimba, mtoto ndani. Fundi aliweka kiganja.

"Leo anapiga teke kama ana hasira."

"Anazo," mkewe alijibu.

Wakishatoka, mtoto aliuliza, "Baba kaniona?"

"Kakugusa," mama yake alisema, akainama kumfunga kamba ya kiatu.

Ijumaa hiyo alikuwa anakuja mkaguzi wa sheria za kimataifa. Mama wa fundi alitoka, akamsubiri getini na mkwe wake na mjukuu, ameshika cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani ya kituo karatasi ile huwa nyeupe. Ilibidi isomwe hapo kwenye mvua.

Mkaguzi alishuka garini na fomu ya kurasa tisa.

"Mwanangu, tazama tarehe hii," mama akamwambia. "Baba yake yumo humo toka kabla hajazaliwa. Muulize mwenyewe ana miaka mingapi."

"Una miaka mingapi?" mkaguzi akauliza.

"Sita," mtoto akasema.

"Vizuri sana. Lakini mama, fomu hujazwa ndani ya kituo."

Akaingia. Alikagua daftari, saa ya ukutani na choo. Alimuuliza fundi kama familia inaruhusiwa kumtembelea, fundi akasema mama yake amekuja na hakukataliwa. Mkaguzi aliiona damu, akauliza. Kanuni akasema suala hilo litachunguzwa kesho, na mkaguzi akaandika: kesho.

Akitoka alimpa mama mkono. "Amekaa saa moja na dakika hamsini tu. Haki zote zimezingatiwa."

"Semina zote hizo," mama akasema, "na mlichojifunza ni pa kujificha."

Mkaguzi aliitafuta sehemu ya maoni ya familia, akakuta haipo, akafunga kalamu.

Baada ya mwezi kituo kilipewa cheti cha kituo cha mfano. Kilitundikwa getini, maana kikiingizwa ndani kinakuwa hakijachapishwa. Wakuu wa vituo vingine wakaanza kuja kujifunza, wakaletewa soda, wakaandika kwenye madaftari.

Kituo cha pale sokoni kimechagua Alhamisi, kwa sababu huwa imetulia. Kina watu kumi na mmoja, na wote wataachiwa ikifika jioni.