Wasafiri wa Saa Kumi

Usiku wa kuamkia leo niliota runinga yetu inapiga hodi.

Ndotoni ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali la Tabora, mimi na Bibi tumekaa sebuleni kama kawaida yetu. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo kila siku saa kumi mimi humsimulia tamthilia ya ng'ambo, ile yenye theluji, ambayo watu wake husema lugha yao na maneno ya Kiingereza hupita chini. Nimesoma chuo, nayasoma haraka. Lakini roho yangu ni nyepesi. Mtu akifa humo, siwezi kutamka. Namwambia Bibi, "Huyu amesafiri." Bibi huuliza, "Kwenda wapi?" Nami hutaja mahali panaponijia kwanza.

Kwa miezi minne nimesafirisha watu kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili si wa kwenye tamthilia. Ni Bibi Mwasiti, mdogo wake Bibi, aliyefariki Kigoma wiki mbili zilizopita. Wajomba waliamua Bibi asiambiwe mpaka apasuliwe macho, maana machozi na kidonda cha jicho havipatani. Mimi nikapewa kazi ya kujibu akiuliza. Akauliza. Nikasema amesafiri.

Basi runinga ikapiga hodi, kwa ndani, mara tatu.

"Karibu," Bibi akasema. "Mlango haujafungwa."

Kioo kinafunguka kama dirisha. Anatoka Koti Jekundu. Jina lake halisi linatushinda, kwa hiyo tunamwita kwa nguo yake. Alipigwa risasi mwezi uliopita. Tundu bado lipo kifuani na theluji inamwagika humo taratibu, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Mkononi ana begi. Anavua viatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umerudi safari? Umetuletea nini?"

"Sijafika bado, Bibi." Kisha ananigeukia. "Dada, ulisema nimekwenda Mwanza. Mwanza hawanijui. Nikarudi makaburini kwetu, mchimba kaburi akanifukuza. Ananiambia wewe ni msafiri, wasafiri hatuwaziki. Nimesimama njiani wiki tano. Miguu inaniuma."

"Pole," nikasema. "Labda ulikosa basi."

Sakafuni, chini ya miguu yangu, yakapita maneno meupe: ANADANGANYA, NA ANAOGOPA. Koti Jekundu akayasoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

Nyuma yake wanatoka wengine, mmoja mmoja. Yule mama wa duka la mikate. Mapacha waliozama ziwani, wanachuruzika maji. Jenerali mwenye kisu mgongoni, ambaye aliomba kiti kisicho na egemeo. Nikampa stuli. Wote wana mabegi. Sebule ikajaa, ikapoa, mpaka pumzi yangu nikaiona kwa macho.

Wa mwisho alikuwa mfupi, amejifunika kanga gubigubi, hana begi. Alishika kikapu cha ukindu chenye mpini mmoja ulioshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule niliushona mimi, Idi iliyopita, alipokuja kututembelea.

Rimoti ikakohoa mezani. Rimoti yetu imefungwa mpira mgongoni ili betri zisidondoke, kwa hiyo huongea kama mtu aliyebanwa mbavu.

"Kanuni," ikasema. "Mgeni akiaga, mwenyeji humsindikiza mpaka njia panda, kisha hurudi. Lakini safari ya uongo haina njia panda. Msindikizaji naye harudi."

"Nani kaweka kanuni hiyo?"

"Wewe. Kila siku saa kumi. Mimi nilikuwepo."

Bibi tayari amesimama, anatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu. "Wageni wanaondoka, nasi tumekaa tu kama magogo. Mke mwenzangu, nipe kanga yangu niwasindikize."

"Bibi, kaa. Nje jua kali."

Maneno meupe yakapita: BIBI, USIENDE.

Yeye hayaoni. Anamshika mkono yule wa kikapu, anainua mguu kama anavuka kizingiti, anaingia ndani ya runinga.

Nami nikaitia rimoti mfukoni, nikaingia. Sebule haipo tena. Tupo mlimani, theluji inafika magotini, na sofa letu lipo mbali, na vitambaa vyake vyote. Mbele kuna daraja la mbao ninalolijua kutoka kwenye tamthilia. Anayelivuka hawamwonyeshi tena.

Ninakimbia. Lakini mbio zangu ni zile za polepole, zinazorudiwa mara tatu, wanazoweka wakitaka mtazamaji ateseke.

"Taja," anasema Koti Jekundu, anatembea kando yangu kwa adabu. "Ukitutaja tunapungua."

"Siwezi."

"Anza na mimi. Mimi nimeshazoea."

"Umekufa," nikamwambia, machozi yakanitoka. "Ulipigwa risasi. Mimi nilijifunika mto usoni, sikukutazama. Nisamehe."

"Asante, dada." Akaweka begi chini, akalala ubavu, theluji ikamfunika vizuri.

Nikamtaja mama wa mikate. Nikawataja mapacha. Jenerali aliniomba niseme amekufa vitani, ingawa alichomwa kisu jikoni akiiba nyama. Nikakataa. Akanuna, akalala kifudifudi. Nikawataja wote kumi na mmoja, na kila mmoja alishukuru isipokuwa yeye.

Mbele wakabaki wawili. Vikongwe wawili wameshikana mikono, wanacheka chinichini kama wasichana waliotoroka kazi. Wamefika darajani.

"Bibi!"

Akageuka. "Unasemaje, mke mwenzangu? Huyu Mwasiti ananilaumu. Anasema watu wote wamemlilia isipokuwa mimi. Sasa mimi nimlilie kwa lipi? Kuna nini?"

Nafungua mdomo. Unajaa theluji. Ni neno lilelile, nimelisema sasa hivi mara kumi na moja, na halitoki. Bibi anakanyaga ubao wa kwanza. Wa pili. Miguuni pangu maneno meupe yanaliandika neno lenyewe, kubwa kama nyumba, na hakuna wa kulisoma kwa sauti.

"Kipindi kinakwisha," rimoti inasema ndani ya mfuko wangu.

Ubao wa tatu.

Nikaamka.

Kumekucha. Jirani anafagia uwanja. Nilikimbilia chumbani kwa Bibi bila hata kuvaa viatu, nikamkuta amekaa kitandani, mzima, kanga kichwani, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Nikashusha pumzi. Nikainama nimsogezee kandambili zake.

Zilikuwa zimelowa. Zilikuwa za baridi kama zimetoka kwenye friji, na sisi friji hatuna. Kwenye kisigino cha ile ya kushoto kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nilipokigusa kikayeyuka.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema bila kugeuka. "Mwasiti walimzika lini?"

Neno la uongo lilikuwa tayari ulimini, limeshaizoea njia. Nikakaa sakafuni, nikamshika miguu. Ilikuwa barafu tupu.

"Ijumaa, Bibi. Wiki mbili zilizopita, baada ya swala." Nikaibana miguu yake viganjani. "Bibi Mwasiti amekufa."

Akaivuta kanga ikamfunika uso.

"Haya," akasema. "Sasa niache nimlilie."

Akalia. Nami sikuiachia miguu yake, mpaka nikaisikia, kidole kimoja kimoja, inaanza kupata joto.