Betri Hulala Karibu na Jiko

Betri ya Benzi la mzee Toktosun hulala karibu na jiko. Kila jioni, tangu theluji ya kwanza mpaka barafu ya mtoni ipasuke, mzee hufungua boneti, hulegeza nati, huichomoa betri na kuibeba kifuani hadi ndani, na aliye mlangoni humpisha. Mkewe Sairakan huwa ameshatandika mfarishi upande wa juu wa chumba, pale anapokaa mgeni wa heshima. Huifunika betri mpaka shingoni, akaacha vile vichwa vyake viwili vikichungulia.

Upande wa chini, mlangoni, hulala mkaza mwana wao, Aizirek. Hapo hapana uonevu mpya. Mkaza mwana hulala mlangoni ili aamke wa kwanza na kuwasha jiko bila kuruka miguu ya watu. Kijijini kwetu, milimani juu ya mji wa At-Bashi, kila nyumba ni hivyo, na asiyelijua hilo hakulelewa.

Aizirek mwenyewe aliletwa na Benzi hilohilo. Alikuwa akitoka dukani kwao, ng'ambo ya mlima, Melis mwana wa Toktosun na rafiki zake wakamnyakua, wakamtia kiti cha nyuma. Alipiga kelele njia nzima. Walipofika walimfunga kichwani kitambaa cheupe cha bibi harusi, na alipotaka kutoka, Sairakan alijilaza kizingitini, kwa kuwa msichana amrukaye mama mtu mzima hupata laana. Aizirek hakumruka. Ukimuuliza Sairakan atakuambia naye aliletwa hivyohivyo, tena kwa farasi, na kwamba jiwe huwa zito pale lilipoangukia. Mwaka uliofuata Melis akaenda Urusi kujenga maghorofa. Gari likabaki, na mke akabaki.

Sasa, kuwasha dizeli kuukuu kwenye baridi ya kwetu si mchezo. Mafuta yenyewe huganda tangini yakawa kama samli. Oili huwa nzito, haimwagiki hata ukiisihi. Toktosun alikuwa na taratibu zake. Kwanza alichanganya mafuta ya taa kidogo kwenye dizeli. Kisha alisukuma karai la makaa ya samadi chini ya tumbo la injini, akaifunika boneti kwa zulia kuukuu. Halafu alitoa betri mfarishini, akaifunga, akapasha njia ya hewa kwa ile taa ya moto ya mafundi inayonguruma. Hapo ndipo aliposema bismillahi na kugeuza ufunguo. Siku nyingine gari liliwaka, siku nyingine liliguna tu kama mzee aliyeamshwa mapema.

Asubuhi ya baridi kali kuliko zote msimu ule, liliguna. Mzee akageuza tena, likaguna tena, na kwa unyonge zaidi. Aizirek akaja na birika la maji ya moto, akateleza kwenye barafu, akajishika kwenye injini kwa kiganja. Injini ikawaka.

Toktosun alichungulia kwenye dirisha la gari. "Umefanya nini?"

"Nimeteleza, Baba."

"Basi kesho uteleze tena."

Kesho yake Aizirek hakuhitaji kuteleza. Aliweka kiganja pale juu ya chuma, akahisi joto likimtoka begani, likashuka mkononi, likaingia. Injini ikaitika mara moja. Toktosun akaliweka karai la makaa ghalani, na taa ya mafundi akaitundika ukutani. Aliwaeleza majirani kuwa ni baraka ya yule kondoo dume aliyemchinja siku aliponunua gari, akalipaka damu tairi la mbele. Walikubali. Kondoo alikuwa mkubwa kweli, na wengi wao walimla.

Jirani yetu Jekshen, mwenye lori la kubebea nyasi, alikuja siku ya tatu akiwa amevuta kofia mpaka machoni.

"Mzee, niazime mkaza mwana wako kidogo. Lori limegoma."

"Akimaliza langu."

"Shemeji," Jekshen akamwambia Aizirek, "hawa wakikuchosha njoo kwangu. Nina lori, nina trekta, na mke wangu naye siku hizi hawaki!"

Watu walicheka, na mke wa Jekshen akamrushia donge la theluji. Aizirek akaenda akaliwasha lori. Baada ya hapo hakuna asubuhi aliyokosa kupita nyumba mbili tatu, mikono wazi, kabla hajakamua ng'ombe.

Joto la mtu nalo lina mwisho wake. Mwanzoni zilipoa ncha za vidole tu. Kisha maziwa yakawa yanamgandia ndooni kabla hajafika nyumbani. Unga alioukanda ulikataa kuumuka. Chai ikipita mikononi mwake ilimfikia mgeni ikiwa baridi, na Sairakan akaanza kuimimina mwenyewe, akilalamika kuwa wakaza mwana wa siku hizi ni hasara tupu, hata chai hawawezi. Theluji ikimwangukia Aizirek kiganjani ilikaa vilevile, haikuyeyuka. Usiku alijikunja mlangoni, akaitazama betri kule juu ikiwa imefunikwa vizuri, na aliionea wivu. Hilo halikumtia aibu. Nani asiyetaka joto?

Ndipo mama yake alipopiga simu. Burulcha alikuwa mgonjwa wa mapafu tangu vuli, na sasa sauti yake ilikuja vipandevipande.

"Njoo nikuone, mwanangu. Nikuone tu."

Aizirek akaenda kwa Toktosun, akasimama kwa adabu, macho chini. "Baba, mama yangu anaumwa sana. Naomba unipeleke."

"Maskini," alisema Toktosun, na alimaanisha. "Kesho."

Kesho kulikuwa na soko la mifugo. Keshokutwa kulikuwa na tohara ya mjukuu wa mtu. Halafu Jekshen aliumwa na jino, akapelekwa mjini akiguna. Kila asubuhi Aizirek aliweka mikono, injini ikawaka, na gari likaenda pengine. Yeye alibaki uani katika moshi wa dizeli. Alijua njia ile kona kwa kona. Alikuwa ameipita mara moja tu, akilia, lakini aliijua.

Jioni moja aliwasikia wakwe zake wakizungumza. Hawakunong'ona, hawakuona haja.

"Mpeleke basi mtoto wa watu," alisema Toktosun kana kwamba atakayempeleka ni mtu mwingine.

"Akienda asiporudi?" Sairakan aliuliza. "Nani atawasha gari?"

Toktosun akanywa chai yake. Swali lilikuwa la haki, akalikubali.

Siku ya soko iliyofuata, kondoo dume wa kuuza akiwa ameshafungwa kwenye buti, Aizirek alisimama mbele ya boneti na mikono ndani ya kanzu yake nzito iliyojazwa pamba.

"Leo nawasha kwa safari ya kwa mama yangu tu," alisema. "Kama si hivyo, siwashi."

Hakuna aliyemgombeza. Toktosun alikwenda ghalani, akatoa karai, akatoa taa ya mafundi. Alipasha, akafunika, akabembeleza, akatukana kidogo. Gari liliguna. Moto wa taa ulimrukia, ukala unyusi mmoja.

"Mzee, unyusi umewaka," Jekshen alimwita kutoka uani kwake, ambako lori lake nalo lilikuwa limekaa kimya. "Sasa lijaribu gari!"

Toktosun aliketi kwenye bampa na kufikiri. Kondoo alilia ndani ya buti. Mwishowe mzee akasema, "Haya. Twende kwa mama yako, lakini turudi kabla jua halijazama."

Aizirek akatoa mikono, akaiweka yote miwili, kisha akalaza na paji la uso. Injini ikawaka kwa furaha.

Sairakan naye alipanda, kwa heshima na kwa uangalizi, na fungu la maandazi mapajani, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Walivuka mlima. Aizirek alikaa kiti cha nyuma, upande uleule wa siku ile.

"Sizimi gari," Toktosun alisema walipofika. "Kwenye baridi hii, ukizima umezima. Nitasubiri humu. Usichelewe, dizeli haiokotwi."

Sairakan aliketishwa chumba cha mbele na shangazi wa nyumba ile, na chai na siagi. Aizirek aliingia chumba cha ndani peke yake. Mama yake alikuwa amelala chali, mdogo kuliko alivyomwacha, na homa ilikuwa ikimchoma hata hewa ya kitandani ilikuwa ya moto. Aizirek akamshika mkono. Burulcha akafumbua macho.

"Nani amekuzima hivi, mwanangu?"

"Nawasha magari, Mama."

"Aa," alisema mama yake, kama mtu aliyejibiwa. "Lete mikono."

Akaivuta yote miwili, akaitia makwapani mwake, kama alivyokuwa akifanya Aizirek alipokuwa mdogo, akirudi kutoka kucheza thelujini. Burulcha aliuliza kama wanampa nyama, Aizirek akasema wanampa. Joto likaanza kumrudia. Lilipanda vidoleni, likapita viwiko, likafika kifuani. Alilia, na machozi yalikuwa ya moto, yalishuka hadi kidevuni. Alikuwa amesahau kwamba machozi hushuka. Kadiri alivyopata joto, paji la uso la mama yake lilipoa, na pumzi yake ikawa nyepesi.

"Inatosha, Mama. Lingine libaki kwako."

"Mimi nalipeleka wapi?" Burulcha alisema. "Joto hili ni lako. Si la gari, umesikia? Lako."

Honi ikalia nje. Ikalia tena, halafu ikakatika katikati.

Aizirek alipotoka, theluji ilimwangukia usoni ikayeyuka. Toktosun alikuwa amesimama kando ya gari, amekunja mikono kwapani. Injini ilikuwa kimya. Alikuwa amesinzia, alisema, mguu ukagusa asipopajua, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

"Umekuja wakati mzuri. Weka mkono."

"Leo sina, Baba," alisema Aizirek. "Tulale hapa. Kesho asubuhi nitaweka."

Alitaka usiku ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Toktosun alilitazama jua, lilikuwa linagusa mlima. Ng'ombe nyumbani walikuwa hawajakamuliwa. Hakukasirika. Alimshika kifundo cha mkono kwa upole, kama mtu anavyochukua kijiko mezani, akakiweka kiganja juu ya chuma. Injini iliwaka papo hapo, kwa nguvu, bila hata kukohoa.

"Unaona?" Toktosun alifurahi kwelikweli. "Umepumzika, mkono umepata nguvu. Tutakuwa tunakuleta mara kwa mara."

Njiani Aizirek aligusa kioo cha dirisha. Ukungu wa barafu haukuyeyuka. Nyumbani mzee alichomoa betri, akaibeba ndani, naye Aizirek akampisha mlangoni.

Asubuhi kukicha simu ikalia. Burulcha alikuwa amefariki alfajiri, na watazika adhuhuri ileile, baridi au si baridi, kwa kuwa ndivyo alivyousia. Sairakan alilia kwa sauti, na hakuwa anaigiza. Msiba ni msiba. Toktosun hakutaja soko wala kondoo. Alivaa kofia yake nzuri, akatoa betri mfarishini, akaifunga kwa haraka. "Twende, mwanangu," alisema. "Leo ni safari yako."

Aizirek akaweka mikono. Injini haikuguna hata kidogo. Akalaza paji la uso, kisha kifua, kisha shavu. Chuma kilikuwa baridi, naye alikuwa baridi, ikawa kama chuma kimewekwa juu ya chuma. Jekshen alikuja na kofia mkononi, akatazama, hakufanya mzaha.

"Ameisha chaji," Toktosun alisema.

Akaifungua tena betri, akaibeba ndani. Sairakan alitazama jiko, akatazama mfarishi, akasogeza mto.

"Njoo huku juu, mwanangu," akamwambia Aizirek. "Njoo karibu na jiko."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa upande ule. Aizirek alivua viatu akalala pale alipoonyeshwa, ubavu kwa ubavu na betri, na Sairakan akawafunika wote wawili kwa mfarishi mmoja mpaka shingoni. Akaongeza samadi jikoni. Chumba kikajaa joto.

"Wamesema wanazika adhuhuri," alisema Aizirek.

"Usizungumze," Sairakan alimwambia kwa huruma. "Unapoteza moto."

Toktosun alivuta kigoda akakaa, kofia yake nzuri kichwani. Baada ya muda aliinama, akaigusa betri kwa kiganja, kisha akamgusa Aizirek kwenye paji la uso, akasema bado.