Ukubwa Wake Halisi

Katikati ya karatasi nyeupe, pana kama sinia ya pilau, palikuwa na mmea usiozidi urefu wa kidole. Ulikuwa na shina jembamba, majani machache, moja likiwa limetobolewa na mdudu, na juu yake maua madogo ya zambarau yaliyojipanga upande mmoja. Chini yake ulining'inia mzizi mrefu kuliko shina lenyewe, wenye kona kali mahali fulani katikati. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa karatasi tupu.

Josephat alisimama mlangoni mwa chumba cha wachoraji bila kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bosi."

"Hicho ni nini?"

"Ua la Aprili."

"Liko wapi?"

Mhoja alinyoosha kidole. Josephat alikaza macho, kisha akacheka kicheko cha mtu anayehisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mama yangu, kalenda inatazamwa kutoka mlangoni. Mtu kaingia dukani kutaka chumvi, anainua macho ukutani, anaona ua. Hili ataliona saa ngapi? Lipanue lijaze karatasi. Toa huo mzizi, unaonekana kama uchafu. Na hilo jani lililoliwa, liponye."

"Naweza kuchora ua moja kubwa pembeni, halafu niandike kwamba limekuzwa."

"Usiandike kitu. Mteja wetu, mwenye kiwanda cha minofu ya samaki, atasema tunamdanganya."

"Nisipoandika ndiyo tutakuwa tunamdanganya."

Josephat alitikisa kichwa, akaenda zake. Alikuwa kijana, rika la mdogo wake Mhoja wa mwisho, naye ndiye aliyekinunua kiwanda hiki cha uchapaji cha Nyakato serikali ilipoanza kuuza mali zake. Kila asubuhi alimwamkia Mhoja kwa adabu zote, kisha akamfokea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama kila mtu mwenye fedha miaka ile. Wafanyakazi wengi walikwisha kupunguzwa, na waliobaki walikuwa wakitembea kwa tahadhari, maana pale langoni hawakukosekana wa kuzichukua nafasi zao. Mhoja alikuwa mjane mwenye mwana sekondari. Kiti kile alikihitaji.

Kuchora mimea alifundishwa usichanani, katika kituo cha utafiti wa kilimo, na mwalimu mkali asiyejua kusifu. Sheria ilikuwa moja: mkono usichore kitu ambacho bikari haijapima. Unazifungua ncha za bikari kwenye shina, unazihamishia kwenye karatasi, huongezi wala hupunguzi. Mmea unabaki na kimo chake, mzizi wake na magonjwa yake. Maua mengine yote ya kalenda ile hayakumletea taabu, kwa kuwa yalikuwa makubwa yenyewe na yaliijaza karatasi bila kuombwa.

Lakini sheria hiyo alikwisha kuivunja zamani. Enzi za mashirika ya umma aliagizwa kuchora bango la pamba, na afisa akataka tunda la pamba liwe saizi ya ngumi ya mwanamume. Mhoja akachora ngumi. Baba yake, aliyekuwa akilima pamba ng'ambo ya ziwa, huko Kamanga, alilikuta bango hilo kwenye ghala la ushirika. Siku binti alipokwenda kumsalimia, mzee alimuuliza, "Mwanangu, hiyo pamba inalimwa wapi?" Hakuwa anakejeli. Alitaka kujua kama angeweza kupata mbegu.

Swali hilo halikupata jibu, na mzee alikwisha kufa. Ushirika nao ulikuwa unakata roho. Nyimbo za redioni zilikuwa zimebadilika, na bado kulikuwa na mtu mlangoni anayetaka kitu kiwe kikubwa kuliko kilivyo.

Jumapili baada ya misa, Mhoja alipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba yake Mkuyuni. Vuli ilikuwa imenyesha vizuri, ziwa lilikuwa na rangi ya kijivu huko chini, na katika nyasi fupi zilizoota kati ya majabali maua yale yalikuwa yamechanua. Mtu anayepita hayaoni. Inabidi upige magoti. Ukishapiga magoti unaona mabawa mawili ya zambarau, ambayo wengi hudhani ndiyo petali, kumbe ni sepali, vijani vinavyofunika tumba la ua, zilizojikuza zikawazidi wenyeji. Petali zenyewe zimejificha katikati, zimeshikamana kama kijiko, na kwenye ncha kuna kishungi cha nyuzi laini. Mzizi ukiukwangua kwa ukucha unanuka dawa ya kuchua. Mama yake Mhoja huusaga na kujipaka magotini, wala hajui wataalamu wanauita mmea huo poligala.

Alikaa palepale juu ya jiwe akajaribu kutii. Alichora ua kubwa, lenye kujaza karatasi, na mkono haukumgomea hata kidogo. Lilitoka zuri. Alilitazama ua lile zuri, akajaribu kufikiri linaota wapi, na hapo akamwona baba yake akiulizia mbegu. Hasira iliyompanda haikuwa dhidi ya Josephat peke yake. Aliteremka nyumbani, akalichana ua lile, akawashia jiko la chai.

Jumatatu alimpelekea Josephat karatasi ileile ya kwanza. Bosi aliitazama, akaiweka juu ya meza yake.

"Sawa, mama," alisema.

Mhoja aliamini kwamba amekubali. Alirudi kwenye kiti chake akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo wenzake hawakulizoea kwake.

Siku ya kuchapa, alipita kwenye chumba cha mashine kuangalia rangi. Mezani, tayari kufungwa kwenye mashine, zilikuwa pleti za kalenda, yale mabati membamba yanayobeba picha. Aliinama kuitazama ya Aprili. Ua lilikuwa limepanuka kutoka ukingo hadi ukingo. Mzizi haukuwepo. Jani lililoliwa lilikuwa limepona. Na yale mabawa mawili yalikuwa yameongezewa wenzao watatu, yakawa petali tano za duara, kama zile anazochora mtoto wa darasa la kwanza. Chini, kwa herufi nzuri, palisomeka: Mchoraji, Mhoja.

Venant, fundi wa kurekebisha picha, alikuwa amesimama nyuma yake akijifuta wino mikononi.

"Dada Mhoja, usinitazame hivyo. Bosi kanipa niipanue, akasema nikikataa ataleta mtu mwingine akae kwenye kiti chako. Nikaona bora niifanye mimi."

"Na hizi tatu?"

"Niliona umeacha mawili tu. Nilidhani ulichoka, nikakumalizia."

Alisema kwa upole wa kweli, na Mhoja nusura acheke. Josephat aliingia akiwa na kikombe mkononi.

"Bosi, nakuomba kitu kimoja. Toa jina langu."

"Jina linabaki, mama. Mteja amefurahi kusikia mchoraji ni mama wa hapahapa ziwani. Hilo jina ndilo linalouza."

Kwenye mfuko wa aproni yake Mhoja alikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Hakumbuki aliutoa saa ngapi. Anachokumbuka ni sauti ya wembe juu ya bati, na mistari mieupe iliyolikata ua kutoka petali hadi petali. Kisha akaivuta filamu iliyotumika kutengeneza pleti hiyo kutoka kwenye bahasha, akaikata vipande. Venant alikuwa karibu kiasi cha kumshika mkono. Alitia mikono yake mfukoni.

"Unajua umefanya nini?" Josephat alifoka.

"Najua. Jina ni langu."

"Na kiwanda ni changu. Nenda nyumbani, mama."

Mhoja aliichukua karatasi yake iliyokuwa palepale mezani, akaikunja kama mwanzi, akatoka. Aliogopa, tena sana, akimfikiria mwanawe Pius na shule. Lakini chini ya woga huo kulikuwa na furaha ya utundu, ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, na hakuionea haya.

Muda wa kutengeneza pleti nyingine haukuwepo, mteja alikuwa akizitaka kalenda kabla ya mwaka kuisha. Josephat akachapa Aprili na tarehe zake, akaacha mahali pa picha peupe. Alimwambia mteja kwamba pale ni nafasi ya kuandika kumbukumbu. Mteja akamsifu kwa ubunifu.

Mhoja aliingia kwenye kuchora vibao. Kila mtu alikuwa akifungua kibanda mwaka ule, na kila kibanda kilitaka jina. Alichora mikasi ya vinyozi, cherehani na samaki. Mjini kote alizikuta kalenda zile ukutani, akazipita bila kugeuza shingo.

Aprili ilipoingia, Zakia, shoga yake mwenye mgahawa karibu na soko la Mkuyuni, alifunua ukurasa akashika kiuno.

"Mhoja, ukuta wangu umeota upara! Nichoree kitu hapo, hata kuku."

Mhoja alipanda kwenye mawe, akarudi na mmea mmoja ndani ya kikombe, na bikari. Alichora kwenye nafasi ile nyeupe ya kalenda huku wateja wakinywa chai, na mmoja akamuuliza kama wino umemwishia. Alipomaliza, walisogea mmoja mmoja. Kinyozi wa jirani akataka na lake, kisha fundi cherehani, kisha muuza mafuta ya taa. Kila aliyetaka alichorewa kutoka kwenye mmea wake, mwingine wenye shina lililovunjika, mwingine uliotoa maua mawili tu. Mizizi iliyobaki alimpelekea mama yake kwa ajili ya magoti.

Asubuhi moja Josephat alisimama mlangoni kwa Zakia. Mhoja alikuwa juu ya kigoda, akiandika "Karibu" juu ya dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliagiza chai, akainua macho ukutani.

"Pale kuna nini?"

"Ua la Aprili."

Alisubiri kuonyeshwa. Mhoja alichovya brashi, akaendelea na herufi yake. Josephat alipita kati ya meza, akawaomba radhi wawili waliokaa, akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta.

"Mbona mzizi umepinda hivi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ulikutana na jiwe."

Zakia alileta chai, akaiweka kwenye meza iliyo karibu na mlango, na chai ikapoa palepale.