Kofia ya Chumba cha Pili

Mtaani Kuze, Mombasa, habari haina haja ya miguu. Bi Shariffa alikuwa bado yuakanda unga wa mahamri, jirani akampigia ukelele dirishani: ile nyumba kongwe iliyofanywa tawi la Jumba la Sanaa la Taifa imefunguliwa, wenyeji watazame kwanza kabla ya wakubwa kuja Ijumaa. Na ndani, ati, mna kofia ya mamake.

Wakaenda wanawake kumi na mmoja. Nani wa Kuze aendaye peke yake? Mabuibui yakajaa ukumbini hata askari wa mlangoni akapanda ngazi kuwapisha.

Aliyewapokea ni Rosebella, mtunza vitu wa jumba, wazazi wake watu wa bara, yeye mzaliwa wa Buxton, hapa hapa Mombasa. Aliwatembeza kama bibi harusi aonyeshaye vyombo vyake. Picha zile za rangi, alisema, ndizo za kwanza taifa kununua baada ya uhuru. Zilikaa miaka na miaka masandukuni kwa kukosa ukuta. Kila moja imepanguswa vumbi kwa pamba, kidole kwa kidole. Bi Shariffa, ambaye hata kwenye matanga hakosi la kusema, akasogea kuzitazama kwa karibu. Hakujua serikali ina macho ya namna hii.

Chumba cha pili ndipo ilipokuwa kofia, ndani ya kioo, imewashiwa taa kwa chini. Vitundu vyake vilichora maua ya mwanga ukuta mzima. Wanawake wakasema "Mashallah" kwa pamoja. Kisha mmoja akasoma kikaratasi: *Kofia ya mkono. Mombasa. Mshonaji hajulikani.*

"Hajulikani na nani?" Bi Shariffa akaja juu. "Hii ni ya Aida binti Khubaib, mamangu! Mji mzima wamjua!"

"Shikamoo mama, na uniwie radhi," akasema Rosebella. "Aliyetuletea hakujua jina la mshonaji. Vikaratasi vya mwisho vyachapwa leo jioni. Nipe jina, nami nitaliandika sasa hivi." Akatoa kalamu. "Alishona yote yeye?"

Hapo pana mambo. Kuze, kofia huitwa kwa jina la aliyeichora, lakini hupita mikono mingi.

Bi Amatullah, jirani wa ukuta mmoja, akasogeza miwani. "Ua ni la mamako, shoga, sikatai. Lakini huu mshipi wa pembeni ni wa mamangu. Alikuwa wa shoto; tazama uzi ulivyolala."

"Sawa, mshipi chukua," akasema Bi Shariffa.

"Na vitundu vya juu?" akauliza Rosebella.

Vitundu ndivyo vilivyokuwa vikiwaka ukutani. Bi Shariffa alijua ni vya nani, na kati ya wote mle, alijua yeye tu. Sifa za mamake mjini zilisimama juu ya vitundu vile. Aliyevishona amekufa, hakuacha mtoto wa kumdai mtu. Neno moja tu, "mamangu," na yamekwisha.

Akatazama ukuta tena.

"Vya Mwanakombo," akasema. "Aliyekuwa akitupikia."

"Kumbe!" wakapokea wote.

"Kumbe nini? Mama alichora, akampa yeye ashone baada ya kuosha vyombo. Haya, semeni mpaka mchoke."

"Mwanakombo binti nani?" akauliza Rosebella.

Bi Shariffa akawageukia wenzake. Miaka ishirini alikula mkononi mwa mtu yule, asijue babake.

Lakini nyumba ikijaa watu haikosi mjuzi. Mmoja akasema alikuwa mtu wa Jomvu. Mwingine: "Si ndiye aliyeolewa na fundi cherehani, wakaachana mwezi wa pili?" "Wa tatu!" "Haya, wa tatu. Babake alikuwa muadhini, Mzee Athmani!" "Huyo huyo!"

Bi Amatullah akataja la mamake, na Rosebella akaandika majina matatu.

"La Mwanakombo lianze," akasema Bi Shariffa. "Kisha utusomee. Kwa sauti, wa nyuma wasikie."