Mkanda wa Bedan

Jumamosi moja ya Septemba 1957, saa nne na robo asubuhi, Zacharia, karani wa chifu huko Ruiru, aliingia katika duka la saa la Himatlal mjini Thika, akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya kioo cha kaunta. Alitaka mkanda mpya wa saa. Ule wa zamani ulikuwa umechanika kwenye tundu la tatu, na ngozi yake ilishakuwa nyeusi kwa jasho.

Himatlal hakuwa fundi wa kuuza mkanda kwa kukisia. Kwanza alikata kipande chembamba cha gazeti, akakizungusha kwenye kifundo cha mkono, akatia alama kwa penseli. Kisha aliushika mkono wa mteja kwa vidole vitatu, dakika nzima. Alidai kwamba mkono huvimba na kunywea, na kwamba mkanda unaotobolewa kabla fundi hajaujua mkono lazima utarudishwa dukani kwa makelele. Watu wa Thika walikuwa wamezoea kushikwa hivyo, hata Wazungu wa mashamba, ambao mahali pengine popote wasingempa Himatlal hata kidole cha mwisho.

Safari hii alishika dakika moja, akashika na ya pili.

"Karani," akasema, "wewe iko na mshipa mbili. Moja napiga themanini na nane. Ingine napiga sabini, lakini hiyo iko ndani ya mkanda."

"Najua," Zacharia akasema. "Hiyo si yangu. Ni ya Bedan."

"Bedan iko wapi?"

"Kizuizini."

Himatlal alitikisa kichwa, akaandika sabini kwenye pembe ya kile kipande cha gazeti, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika vipimo vyote.

"Nataka ule ambao haupigi," Zacharia akaendelea. "Huu unanisumbua kanisani. Mchungaji akisema tunyamaze, mimi peke yangu ndiye ninayesikika."

Kuchagua kulichukua saa nzima. Si kwamba mikanda ilikuwa mingi sana. Tatizo ni kwamba pale Ruiru cheo cha mtu kilisomwa mkononi, na mkanda wa karani ulipaswa kuwa juu ya ule wa askari kanga, yaani polisi wa chifu, na chini ya ule wa chifu mwenyewe. Mkanda wa ngozi ya mamba ulimpendeza kweli, akaugeuza geuza kwenye mwanga wa mlango, akaurudisha kwa huzuni, maana chifu mwenyewe alivaa ngozi ya ng'ombe. Ule wa nailoni ya kijani ulikuwa wa wanajeshi. Ngozi ya nguruwe aliinusa, akaiweka kando. Mwishowe Himatlal akatoa mkanda wa chuma, ule unaovutika na kurudi wenyewe bila bizimu. Zacharia aliupenda papo hapo. Hakuna aliyekuwa nao Ruiru nzima, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kusema ni wa cheo gani. Ulimng'oa vinyweleo vitatu alipouvaa, naye akasema hiyo ndiyo dalili ya kitu imara.

Mkanda wa zamani ukabaki dukani, kama ilivyokuwa desturi. Himatlal aliitumia mikanda mikuukuu kukatia vile vipete vidogo vya kubania ncha. Aliutundika kwenye msumari pamoja na mingine, ukaendelea kupiga.

Bedan, mwenye mkanda, alikuwa mpiga kengele katika shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, naye alikipiga kwa nyundo saa kumi na mbili kamili alfajiri ili wachumaji waamke. Saa aliinunua kwa mwanajeshi mmoja aliyerudi kutoka vita vya Burma. Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, aliulizwa mbele ya meza ndefu ya maofisa ni kwa nini Mkikuyu wa kawaida ahitaji kujua mpaka dakika. Akasema ni kwa ajili ya kupiga reli. Akaulizwa ni jambo gani lingine analolifanya kwa saa maalumu. Akafikiri kwa makini, kwani alikuwa mtu mkweli, akasema yeye hunywa chai saa nne. Wakaandika kwamba mshukiwa amekataa kujibu, wakampakia kwenye lori.

Saa yake iliandikwa daftarini kuwa imehifadhiwa na karani. Zacharia akaihifadhi mahali alipopaona ni salama kuliko pote, yaani mkononi mwake mwenyewe. Haikupita wiki, mkanda ukaanza kupiga.

Idah, mke wa Bedan, ndiye aliyeutambua kwanza. Kila Jumatatu alilazimika kupeleka pasbuku yake, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea, igongwe muhuri, na Zacharia alipokuwa akiutafuta muhuri kwa mkono wa kulia, Idah alivilaza vidole viwili juu ya mkanda kwenye mkono wa kushoto. Zacharia alimwachia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likiudhi. Kwa njia hiyo Idah alijua yote. Alijua miezi ambayo Bedan alivunja mawe, maana mapigo yalikwenda mbio. Alijua homa ya mwaka 1955, kwa sababu ngozi ilikuwa ya moto kiasi kwamba karani mwenyewe alilalamika. Wanawake wengine wakaja kuuliza kama kulikuwa na mikanda ya waume zao pia. Zacharia aliwaeleza kwa upole kwamba waume zao hawakuwa na saa.

Mwezi wa Juni mwaka ule wa 1957 ilikuja barua kutoka kambini. Ilisema Bedan alifariki mwezi Machi kwa homa ya matumbo. Zacharia alimsomea Idah barua hiyo akiwa ameishika kwa mkono wa kushoto, na karatasi ikawa inarukaruka kidogo kwa kufuata mapigo.

"Baba Wamboi," Idah akamwambia karani, "huyu mtu si ni mzima? Si unasikia?"

"Nasikia," Zacharia akasema. "Labda waliruka mstari. Anaweza kuwa amekufa yule wa juu yake au wa chini yake."

Wakaenda pamoja kwa ofisa wa wilaya, Mzungu kijana aliyekuwa amesomea huduma ya kwanza jeshini. Ofisa aliweka kidole gumba kwenye mkanda, akahesabu akiitazama saa ileile, akatangaza kwamba ni mapigo mazuri ya mtu mwenye afya. Akampongeza Idah. Kisha akaeleza kwamba barua ilikuwa na namba, na mkanda haukuwa na namba, kwa hiyo faili lingebaki limefungwa.

Idah hakuwa mjinga. Alijua hatari iko wapi. Wafungwa walikuwa wameanza kuachiliwa kwa orodha, kambi baada ya kambi, na jina la marehemu haliingii katika orodha ya watu wa kuachiliwa. Bedan angekaa huko akisubiri kuitwa jina ambalo halikuandikwa popote. Kila Jumatatu alimwomba karani aandike barua nyingine, na kila Jumatatu alikuwa na ushahidi wake pale pale, chini ya vidole viwili.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata ule mkanda mpya, alipofika na kugusa chuma baridi, aliuvuta mkono wa karani karibu na macho yake.

"Mkanda uko wapi?"

"Nimeubadilisha. Ulikuwa umechakaa."

"Bado ulikuwa unapiga?"

"Jumamosi ulikuwa unapiga," Zacharia akasema. "Uko Thika, kwa Muhindi wa saa."

Kwenda Thika kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji sababu. Idah akasema sababu ni kumwona mume wake. Zacharia akakataa, akasema mjane hawezi kwenda kumwona mume, ofisa akisoma atacheka. Wakabishana. Mwishowe akaandika kwamba anakwenda kununua sindano, akampa siku moja, arudi kabla ya saa kumi na moja.

Katika duka la Himatlal mambo yalikuwa yamebadilika tangu Jumamosi. Saa zote za ukutani zilikuwa zimeacha mwendo wao zikaufuata mkanda, sabini kwa dakika, na kwa kuwa nusu ya mji ilirekebisha saa zake kwa kuchungulia dirisha la Himatlal, watu wa Thika walianza kufika stesheni kabla ya treni. Wengi walikuja kumshukuru.

Idah hakuhitaji kuonyeshwa msumari. Alikwenda moja kwa moja, akautwaa mkanda, akaubana katikati ya viganja vyake. Akalia pale mbele ya wateja bila kujificha uso.

"Uko," akasema. "Ngai, Mungu wangu, uko."

Himatlal alizunguka kaunta, akaweka vidole vyake vitatu juu ya ncha ya mkanda, wakasimama hivyo wote wawili dakika nzima.

"Sitini na sita leo," akasema. "Pengine iko nalala."

"Anapenda kulala saa hizi wakimwachia," Idah akasema. "Nipe niende nao."

Himatlal akatazama viatu vyake. Asubuhi ile ile alikuwa amemwandikia ofisa wa wilaya barua kwamba ndani ya duka lake mna mali ya mfungwa, kwa sababu mfanyabiashara mwingine, Dhanji, alikuwa amemwonya juu ya kuweka vitu vya namna hiyo.

"Mimi iko na leseni, mama," akasema. "Mimi iko na watoto tano. Wakubwa watauliza, na mimi nitajibu nini?"

Alikuwa mwoga, na alijua, na uso wake ulionyesha hivyo. Aliutia mkanda ndani ya bahasha, akaongeza pamba chini na juu usije ukaumia njiani, akaibandika, akaandika juu yake anwani ya ofisa wa wilaya. Bahasha ilikwenda Ruiru kwa basi moja na Idah. Mkoba wa posta ulikuwa juu ya kiti cha mbele, na Idah alikaa nyuma, na hakuruhusiwa kuugusa kwa kuwa ulikuwa mali ya serikali.

Siku ya Alhamisi aliitwa ofisini. Ofisa alikuwa na furaha. Alikuwa amepata njia halali ya kumrudishia mama huyu kitu chake, akasema, na amelala nayo siku mbili akiifikiria. Akamsogezea fomu. Zacharia akamsomea: Mimi, mjane wa marehemu Bedan, nakiri kwamba nimepokea mali ya marehemu, ambayo ni mkanda mmoja wa ngozi, umechakaa.

"Na saa?" Idah akauliza.

"Saa imehifadhiwa," Zacharia akasema.

"Nikiweka kidole hapa, ataitwa kwenye orodha?"

"Ukiweka kidole, basi. Hata wewe mwenyewe utakuwa umesema amekufa. Barua zote tulizoandika zitafutwa."

"Na nisipoweka?"

Zacharia akamuuliza ofisa kwa Kiingereza, kisha akageuka. "Vitu visivyo na mwenyewe huchomwa Ijumaa nyuma ya ofisi."

Ijumaa ilikuwa kesho yake. Juu ya meza bahasha ilikuwa ikiinuka na kushuka kidogo. Ofisa alikuwa mpole, hakumharakisha, hata alimsukumia kiti. Zacharia alikuwa amekwisha kufungua kile kibati cha wino. Idah aliitazama ile fomu, akaitazama bahasha, na kama kuna mtu anayejua lililo sawa kufanya mahali kama pale, hakuwamo ofisini siku ile.

Akaweka kidole gumba.

Bahasha ilitulia. Zacharia, ambaye alikuwa karibu nayo, alihesabu sekunde nne kwenye saa yake. Kisha ikaendelea kama kawaida, na ofisa akasema kwamba anafurahi mambo yakiisha vizuri.

Idah akauvaa mkanda mkono wa kushoto, mtupu, bila saa, akautoboa tundu jipya kwa msumari kwa sababu kifundo chake kilikuwa chembamba. Akaandikwa mjane katika pasbuku. Wanawake wa shambani walikuja jioni kuugusa, wakamuuliza mume wake anaendeleaje, naye akawaambia.

Malori ya kambi ile yaliwasili Ruiru mwaka 1959, mwezi wa Februari. Watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi ya chifu. Zacharia alipanda juu ya boksi akiwa na orodha, akasoma majina sitini na moja, na wanaume sitini na mmoja wakashuka, wamekonda, wakipepesa macho. Mmoja wao alimwona Idah, akamwendea, akamwambia Bedan amebaki kule peke yake katika kibanda cha mwisho, anawasalimu, anapiga kipande cha bati kila alfajiri ili askari waamke. Hawajui wamwachilie kwa jina gani.

Malori yakaondoka. Vumbi lilipotua, Idah alikuwa bado amesimama mbele ya boksi, ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia.

Zacharia akashuka, akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, kwa sababu alitaka kujua kweli.

"Yuko?"

"Yuko," Idah akasema.

"Anapiga vizuri?"

"Vizuri."

"Mungu ashukuriwe," Zacharia akasema. Akavuta mkono wa shati, akaangalia saa, akaandika chini ya orodha kwamba shughuli ilimalizika saa tano na dakika ishirini, na kwamba hakuna mtu aliyekosekana.